Ukikosa kituo, umekosa maana

Mwezi uliopita mjukuu wa marehemu kakangu alikuja nyumbani baada ya sala ya Alasiri, karatasi mkononi. Amemaliza masomo yake ya ukatibu na sasa anaomba kazi katika ofisi moja ya hapa Mombasa. Barua ameiandika kwa Kiingereza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuomba unisomee hii kabla sijaipeleka. Nawe usinifiche kosa."

Nikavaa miwani nikaisoma. Waama Kiingereza chake ni kizuri, tena kizuri kuliko changu. Tahajia haina dosari. Lakini kila nilipofika mwisho wa sentensi nilikuta kijiti kimesimama juu ya nukta, yaani alama ya mshangao. "I wish to apply for this post!" Anaomba kazi, na mshangao. "I have a certificate!" Ana cheti, na mshangao. "I can start on Monday!!" Aweza kuanza Jumatatu, na hapo mishangao ikawa miwili. Nikazihesabu, zikafika kumi na moja katika ukurasa mmoja.

"Mwanangu, mbona wampigia kelele mtu ambaye hata hamjajuana?"

"Sipigi kelele, babu. Nataka aone kuwa nina hamu ya kazi." Kisha akaongeza: "Na hizo ni alama tu. La muhimu ni maneno."

Ni hilo neno la "alama tu" lililonifanya niivue miwani. Kwani mimi nilipokuwa na miaka 17 nilikuwa na fikira hiyo hiyo, na nyumba yetu nzima ikalipa gharama yake. Nikamwambia akae kitako nimweleze habari ya babu yake na telegramu ya maneno matatu. Aliponisikiliza hata mwisho nikaona kuwa habari hii yafaa kuandikwa, isomwe na wengine.

Maneno matatu

Mwaka 1978 kakangu alikuwa akifanya kazi Muscat, Oman, kama vijana wengi wa Pwani wa siku zile. Mama yetu akaugua. Tukampelekea barua, naye kwa kuwa barua zilichukua siku nyingi njiani, akatujibu kwa telegramu ya Kiingereza: "IS MOTHER BETTER SHALL I COME". Alikuwa anauliza kama mama yu afadhali, na kama yafaa aje.

Mjomba, aliyekuwa mkubwa wa nyumba baada ya baba kufariki, akaniita. "Wewe ndiye msomi wetu. Mjibu nduguyo. Mwambie la, mama hajapata afadhali. Yapasa aje." Shangazi akafungua pindo la leso akanipa fedha, nami nikashika njia kwenda posta.

Vijana wa leo hawakuiona telegramu, basi nawaeleza. Ilitozwa kwa hesabu ya maneno. Waliokuwa mahodari wa kazi hiyo waliandika neno STOP mahali ambapo pangekuwa na nukta, ili habari mbili zisiungane zikawa moja. Neno hilo nalo lililipiwa kama maneno mengine. Mimi nikajiona mjanja. Nikajiambia, kwa nini nilipie nukta? Nikaandika maneno matatu: "NO NEED COME". Kichwani mwangu kituo kilikuwako: La. Yapasa uje. Kwenye karatasi hakikuwako. Karani akayahesabu, akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Kwa fedha iliyosalia nikanunua bajia, nikazila njiani.

Kakangu aliyasoma maneno yale kama atakavyoyasoma mtu yeyote ajuaye Kiingereza: hapana haja ya kuja. Akamshukuru Mungu, akatoa sadaka, akarudi kazini. Siku ya tisa mama akafariki alfajiri, akazikwa baada ya sala ya Adhuhuri. Telegramu ya msiba iliandikwa na mtu mwingine. Kakangu alifika siku ya nne, khitma imekwisha kusomwa na mikeka imekunjwa.

Alitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua mbele ya wazee. Hakugomba. Alisema tu, "Mliniandikia kuwa hapana haja." Mjomba akasema, "Sisi tulimwambia aandike uje." Ndipo wote wakanigeukia mimi.

Siku haizuiliki kwa nukta. Ajali ya mtu imeandikwa, na mjomba aliniambia hivyo siku hiyo hiyo ili kunipoza. Lakini kakangu alikuwa na nafasi ya kumwona mamake mara ya mwisho, na nafasi hiyo niliikata mimi kwa kuogopa bei ya neno moja.

Somo la chuoni

Kilichonitia haya zaidi ni kuwa mimi nilikuwa nimekhitimu chuoni. Kijana wa Kiislamu aliyekwisha kukaa mbele ya maalimu hana udhuru wa kusema kuwa alama ni alama tu. Mbele ya kujua A, B, C, tulikwisha kufunzwa kuwa kusimama pasipo mahali pake ni kosa, na kupita panapotakiwa kusimama ni kosa jingine.

Fungua msahafu uutazame. Juu ya mstari utaona mim ndogo: hapo lazima usimame. Utaona lam-alif: hapo usisimame. Jim yakupa hiari. Ziko alama zinazokwambia kuwa kusimama ni bora, na nyingine kuwa kuendelea ni bora. Na katika Suratul Baqara, aya ya 2, utaona mafungu mawili ya nukta tatu tatu yaliyolizunguka neno moja. Waweza kusimama penye fungu moja, usisimame penye yote mawili. Ukisimama pa kwanza, neno lile laenda na yanayofuata. Ukisimama pa pili, larudi kwa yaliyotangulia. Maana zote mbili ni njema, lakini si moja.

Wanavyuoni wetu waliyashughulikia mambo haya zamani sana. Imamu Muhammad bin Tayfur as-Sajawandi, aliyefariki mwaka 560 wa Hijria, ndiye aliyezipanga alama nyingi za wakfu ambazo mpaka leo zimo katika misahafu ya chapa ya Bara Hindi. Na sote tunaujua mzaha wa mtu mvivu wa sala anayeitaja aya ya 43 ya Suratun Nisaa akaishia katikati, kana kwamba imekataza sala, akaiacha ile sehemu inayosema ni hali gani inayokatazwa. Maneno yake yote ni ya kweli. Uongo umo katika kituo.

Neno lenyewe latufunza. Kiswahili huita kazi hii ya kutia alama "kuakifisha", na mzizi wake ni ule ule wa "wakfu", yaani kusimama na kusimamisha. Mali ya wakfu ni mali iliyosimamishwa isiuzwe wala isirithiwe. Alama ya wakfu ni mahali pa kuisimamisha sauti. Kwa hivyo, ndugu msomaji, mtu akikwambia kuwa nukta na mkato ni mambo ya Wazungu, mwulize chuoni alisomeshwa nini.

Alama zilivyotufikia

Ni kweli, hata hivyo, kuwa wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawakutia nukta ya mwisho wala mkato kama tunavyofanya leo. Walielewana vipi? Katika barua, maneno yenyewe yalifanya kazi ya vituo. "Ama baadu" lilikujulisha kuwa salamu zimekwisha na habari yaanza. "Wa baadahu" lilifungua jambo jingine. "Wasalamu" lilifunga mlango. Katika shairi, kina na mizani ndivyo vilivyoshika zamu: kina kikisikika, sikio hujua kuwa kipande kimetimia.

Alama hizi tulizo nazo sasa zilikuja pamoja na herufi za Kirumi. Ludwig Krapf, mmisionari, alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kuandika Kiswahili kwa herufi hizo. Kuanzia 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilisanifisha maandishi, na alama zikafuata kawaida ya Kiingereza. Kwa hiyo anayejua kuakifisha Kiingereza sawasawa amekwisha kupata sehemu kubwa ya kuakifisha Kiswahili.

Wala Waingereza hawakuzizua wao. Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri yapata miaka 200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alitumia nukta tatu: ya chini, ya kati na ya juu, kila moja kuonyesha pumziko la urefu wake. Nukta-mkato ilichongwa Venice katika miaka ya 1490, katika kiwanda cha mpiga chapa Aldus Manutius. Na Waarabu wenyewe, walipoanza kuchapa vitabu na magazeti kwa wingi, waliona haja hiyo hiyo. Mwaka 1912 Ahmad Zaki Pasha wa Misri alitoa kitabu cha kupanga alama za kuakifisha Kiarabu. Mkato wa Kizungu akaugeuza, kwa kuwa Kiarabu huanzia kuliani. Hii ni mali ya kila aandikaye.

Mkato mahakamani

Huenda msomaji akasema kuwa yaliyotupata nyumbani kwetu yalitokana na utoto wangu. Basi na tuangalie wakubwa.

Mwaka 1916 Sir Roger Casement, mtu wa Ireland, alishtakiwa London kwa uhaini. Huyu ndiye aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza katika Kongo, na taarifa yake ya 1904 ikafichua mateso waliyotendewa watu wa huko chini ya Mfalme Leopold. Wakati wa Vita vya Kwanza alikwenda Ujerumani kutafuta msaada wa kuikomboa Ireland. Sheria aliyoshtakiwa nayo ilikuwa ya mwaka 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha zamani. Wakili wake akadai kuwa kwa jinsi maneno yalivyopangwa, sheria ile yamhusu mtu anayeungana na adui akiwa ndani ya nchi ya mfalme, na Casement alikuwa nje. Upande wa mashtaka ukasema hapana, maneno ya kati yasimame peke yake, na hapo aliye nje naye ataingia. Majaji wawili walikwenda kuitazama ngozi ya asili ilikoandikwa sheria ile, watafute alama. Casement akahukumiwa, akanyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Tangu siku hiyo watu husema kuwa alinyongwa kwa mkato.

Tuje karibu na zama zetu. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa iitwayo Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilizitaja kazi ambazo hazilipwi saa za ziada, moja baada ya nyingine, na mwisho wa orodha ikataja kufunga bidhaa kwa ajili ya kusafirisha au kugawa. Kabla ya "au" hapakuwa na mkato. Je, kugawa ni kazi ya pekee, au bado inazungumzwa kazi ile ile ya kufunga? Madereva hawakuwa wakifunga bidhaa, walikuwa wakizigawa. Mahakama ya rufani mwaka 2017 ikasema kuwa sheria haieleweki wazi, basi na ifasiriwe kwa faida ya wafanyakazi. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Mkato mmoja tu ungaliokoa fedha hizo.

Na sisi tujihadhari tunapotia sahihi hati za Kiingereza. Chukua hati ya wakfu inayosema kuwa mapato wapewe "the teachers who live in Lamu". Hapo ni wale walimu wakaao Lamu peke yao. Wa Siyu na wa Faza hawamo. Tia mikato miwili, "the teachers, who live in Lamu," na sasa ni walimu wote waliotajwa, na habari ya kuwa wanakaa Lamu imetajwa kwa kupita tu. Au tazama hili la mshonaji wa nguo za Idi. "The tailor said the customer was late": mshonaji alisema mteja alichelewa. "The tailor, said the customer, was late": sasa aliyechelewa ni mshonaji, na msemaji ni mteja. Maneno ni yale yale, kwa mpango ule ule. Kilichobadilika ni nani anayelaumiwa.

Kosa jingine la kila siku ni la ritifaa. Sisi twaijua kwa "ng'ombe" na "ng'ambo", ambako kazi yake ni kuonyesha sauti. Kwa Kiingereza ina kazi mbili: kuonyesha kuwa herufi imeachwa, na kuonyesha umilikaji. Haina kazi ya kuonyesha wingi. Ubao unaoandikwa "TYRE'S" mlangoni pa duka hausemi kuwa magurudumu ni mengi, bali wasema kuwa kuna kitu cha gurudumu ambacho hakikutajwa. Na "it's" ni "it is" iliyofupishwa, hali "its" ni "yake". Ukijaribu kuisoma kwa urefu, "it is", na sentensi isikubali, basi ritifaa iondoe.

Hata alama ya kuuliza hukosewa. Swali lenyewe hulitaka: "Are you well?" Lakini habari ya swali hailitaki: "He asked whether I was well." Hapo hakuna anayeulizwa, kunasimuliwa kuwa mtu aliuliza, na nukta yatosha.

Mshangao na mahali pake

Sasa turudi kwa alama iliyonikosesha raha katika barua ya mjukuu wetu.

Alama ya mshangao ilianza kuonekana Italia katika karne ya 14. Msomi mmoja, Iacopo Alpoleio da Urbisaglia, alidai kuwa yeye ndiye aliyeibuni, kwa kuwa aliudhika kusikia maneno ya mshangao yakisomwa kwa sauti ile ile ya habari za kawaida. Ilipoingia katika Kiingereza iliitwa alama ya taajabu. Wahispania wao waliona kuwa msomaji akiikuta mwishoni amekwisha kuchelewa kubadili sauti, ndipo mwaka 1754 chuo chao cha lugha kikaamua iwekwe nyingine mwanzoni, kichwa chini. Kazi yake, basi, tangu zamani ni kumwambia msomaji: hapa sauti ipande.

Kwa Kiingereza ina mahali pake panapojulikana. Hufuata neno la mguto linalosimama peke yake, kama vile "Alas!" Sisi tungesema "Lo!" au "Masalale!" Hufuata onyo na amri ya ghafula: "Fire!" "Stop!" Hufuata sentensi ya kustaajabia inayoanza na "What" au "How", kama mtu aliyeona jahazi zuri na kusema "What a fine dhow!" Mwaka 2016 wizara ya elimu ya Uingereza iliwaelekeza walimu kuwa watoto wa miaka 7, katika mtihani wao, wahesabiwe wameandika sentensi ya mshangao iwapo imeanza na mojawapo ya maneno hayo mawili. Waandishi wengi waliona kuwa ni kubana mno, kwani watu hushangaa kwa njia nyingi. Lakini angalau msingi ulionyeshwa: mshangao una umbo lake, si pambo la kutiwa kila mahali.

Mahali pasipofaa ni habari ya kawaida. Kuwa na cheti si jambo la kugutia. Wala usiandike mbili au tatu mfululizo. Ikiwa moja haikutosha, kosa li katika maneno, na maneno ndiyo ya kurekebishwa. F. Scott Fitzgerald, mwandishi wa Marekani, anasimuliwa kuwa alimshauri rafiki yake azifute zote, kwa sababu kuitia ni kama mtu kuucheka mzaha wake mwenyewe.

Nilipojifunza kupiga taipureta, mashine niliyopewa haikuwa na kidude cha alama hiyo, kama zilivyokuwa nyingi za zamani. Ulipiga nukta, ukarudi nyuma nafasi moja, ukapiga ritifaa juu yake. Vipigo vitatu kwa alama moja. Kwa taabu hiyo ulijiuliza mara mbili kama mshangao huo wastahili. Simu za leo zimeondoa taabu, na pamoja nayo kile kituo kidogo cha kufikiri.

Hata hivyo sitaki kuwa mzee wa kuwakemea vijana kwa kila jambo. Mjukuu wetu alinijibu kwa hoja. "Babu, kwenye simu ukimwandikia mtu 'Thanks' ukatia nukta, atadhani umekasirika. Ukitia mshangao ataona umefurahi." Nami nakiri kuwa yuko katika haki. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa jibu fupi la simu lililomalizikia kwa nukta lilionekana na wasomaji kuwa na ukweli mdogo wa moyo kuliko lisilo na nukta. Katika ujumbe wa simu uso hauonekani na sauti haisikiki, basi alama imebebeshwa kazi ya tabasamu.

Lakini kila mahali na adabu yake. Jinsi unavyomkaribisha shoga yako barazani sivyo unavyobisha hodi kwa mtu usiyemjua. Barua ya kazi ni hodi. Inataka sauti ya chini na maneno yaliyopangwa. Anayeisoma ofisini amewekewa barua nyingi mezani. Akiona mishangao kumi na moja hatasema kuwa msichana huyu ana hamu. Atasema kuwa hajui mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kuishusha. Na akiwa na shaka katika jambo hilo dogo, hatampa barua za ofisi aziandike.

Nyuma ya karatasi

Tukakaa pamoja mpaka karibu na Magharibi. Sikumfutia hata alama moja. Nilimwambia asome kila sentensi kwa sauti, kama anavyosoma mbele ya maalimu, na penye mshangao aseme kwa sauti ya kugutia kama alama inavyomwamuru. Alipofika "I have a certificate!" akapaza sauti hata jirani akachungulia dirishani. Akacheka mwenyewe, akashika kalamu. Zote kumi na moja zikaondoka, na mahali pake pakawa na nukta. Barua ile ile, maneno yale yale, sasa ilisomeka kama ya mtu mzima anayejua thamani yake. Ameipeleka, majibu bado hajayapata. Usiku ule aliniandikia kwenye simu, "Ahsante, babu!" na mshangao huo niliupokea kwa mikono miwili, kwani ulikuwa mahali pake.

Kabla hajaondoka nilimfungulia kasha ninamoweka barua za babu yake. Kakangu alirudi Muscat baada ya msiba, akakaa huko miaka mingine kumi na miwili, na katika muda huo wote hakuacha kuniandikia. Hakuitaja telegramu ile tena, wala mara moja. Ila tangu mwaka ule, mwisho wa kila sentensi aliikandamiza nukta kwa nguvu hata kalamu ikapenya. Nikaigeuza barua moja, nikamwambia mjukuu wake apitishe kidole nyuma ya karatasi. Akapitisha taratibu, mstari baada ya mstari, akizihesabu.